Kuuliza si Ujinga

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi katika kijiji kimoja cha Iringa, na kwa miaka mingi nimewafundisha watoto ya kwamba kuuliza si ujinga. Leo naomba niwasimulie jinsi nilivyoyasahau mafundisho yangu mwenyewe, hata nikakaribia kupoteza mali isiyonunulika.

Kaka yangu hukaa Mbeya. Mwaka 2019 alikuja nyumbani, akamketisha mama yetu chini ya mparachichi, akampiga picha za kutembea huku akisimulia jinsi alivyolelewa, na jinsi alivyoposwa na marehemu baba. Mwaka 2021 mama akafariki. Hata ilipofika Krismasi ya mwaka 2024 kaka hakupata nafasi ya kuja, basi akamtuma binti yake kwangu pamoja na diski ya nje, yaani kile kisanduku kidogo cha kuhifadhia mambo ya kompyuta. Ndani yake alitia filamu za kuwafurahisha watoto, na ile picha ya mama.

Jioni ile jamaa na majirani wakajaa sebuleni. Nikachomeka waya wa diski katika tundu la USB nyuma ya televisheni. Diski ikalia tik, tik, kisha kimya. Nikachomoa, nikachomeka tena. Mambo yakawa yale yale. Jirani mmoja akaleta waya wenye vichwa viwili, kimoja tukakitia katika televisheni na cha pili katika chaja ya simu. Hapo diski ikaanza kuvuma, nasi tukafurahi. Lakini badala ya picha yakatokea maneno ya Kiingereza, kwamba chombo hiki hakisomeki, je, kifomatiwe? Chini yake palikuwa na majibu mawili, ndiyo na hapana.

Maana ya neno lile sikuijua. Lakini watu wote walikuwa wakinitazama, nami ndimi mwalimu. Nikashika rimoti, nikaelekeza kidole kwenye ndiyo. Yule binti wa kaka, aliye kidato cha pili, akasema kwa adabu, “Samahani, baba mdogo. Shuleni tuliambiwa kwamba kufomati ni kufuta.”

Nikamkemea, “Nyamaza, wakubwa wanafanya kazi!” Hata hivyo kidole changu kiliganda. Nikatoka nje, nikampigia kaka simu. Akanyamaza kitambo, kisha akasema, “Mdogo wangu, usiguse kitu. Kompyuta yangu iliibwa mwezi wa Agosti. Sauti ya mama imo humo tu.”

Nikarudi nikaizima televisheni, watu wakaenda zao. Usiku ule sikulala. Asubuhi nikamwita yule binti, nikamwomba radhi mbele ya watu wote wa nyumbani, kwa kuwa nilimkemea mbele yao.

Baada ya sikukuu nikapanda basi, nikapita Mafinga, Makambako na Igawa hata nikafika Mbeya, diski nimeipakata kama mtoto. Kaka akanipeleka Mwanjelwa kwa fundi mmoja, kijana ambaye kwa umri wake ningaliweza kumfundisha darasa la kwanza. Nikamwambia wazi kwamba sijui kitu. Naye akanieleza mambo matatu, nami nawapa kama nilivyopewa.

Jambo la kwanza ni nguvu. Tundu la USB la namna ya 2.0 kwa kawaida hutoa volti 5 na miliampea 500, na lile la namna ya 3.0 hutoa miliampea 900. Diski yenye sahani ya kuzunguka hutaka nguvu nyingi zaidi inapoanza kuzunguka. Ikiikosa, hulia tik, tik na kunyamaza.

Jambo la pili ni mpangilio. Diski ni kama ghala lenye vihenge vingi, na mlangoni pana daftari lionyeshalo kila kitu kimewekwa wapi. Daftari hilo huandikwa kwa namna mbalimbali: kuna FAT32, kuna NTFS, na kuna exFAT iliyotolewa na Microsoft mwaka 2006. Televisheni yangu ilizijua mbili za kwanza, na diski ya kaka ilipangwa kwa hiyo ya tatu. Kumbe diski haikuwa mbovu. Televisheni ndiyo haikujua kulisoma daftari lake! Na kufomati ni kulitupa daftari lile na kuanza jipya lisilo na neno ndani yake. Tena FAT32 haipokei faili moja ifikayo GB 4, na picha ya mama ilikuwa na GB 11. Kwa hiyo ilitufaa NTFS.

Jambo la tatu ni lugha ya picha yenyewe. Picha na sauti ni vitu viwili vilivyofungwa katika mfuko mmoja, na kila kimoja kimebanwa kwa namna yake. Namna iitwayo H.265, iliyotolewa mwaka 2013, hubana picha kuliko H.264 ya mwaka 2003, lakini televisheni nyingi za zamani haziifahamu. Niliposikia hayo nikakumbuka habari za filamu zilizotengenezwa Vugiri, katika milima ya Usambara, kati ya mwaka 1935 na 1937, kwa usimamizi wa Baraza la Kimataifa la Misheni. Picha zilikuwa katika utepe na sauti katika sahani za santuri, na ilikuwa kazi kubwa kuvipatanisha viwili hivyo. Basi taabu hii si ya leo.

Fundi hakuanza kwa kufomati. Kwanza alinakili vyote katika kompyuta yake, akaifungua picha ya mama na kuitazama mwanzo hata mwisho, kisha akatia nakala nyingine katika diski ya pili, akamkabidhi kaka. Baada ya hayo tu ndipo alipoipanga diski yangu upya, na filamu zilizobanwa kwa H.265 akazigeuza kuwa H.264.

Nikarudi Iringa, nikawaita watu wale wale. Safari hii rimoti nilimpa yule binti. Mama akatokea kiooni chini ya mparachichi wake, akatengeneza kitenge chake, akasema, “Kamwene, wanangu.” Bibi mmoja jirani, aliyeketi nyuma kabisa, akaitikia, “Kamwene,” kana kwamba ameamkiwa yeye. Hakuna aliyecheka.

Ndugu zangu, kitu chenye nakala moja hakijahifadhiwa bado. Na chombo kikikuuliza neno usilolijua, usikijibu ndiyo kwa kuona haya mbele ya watu. Muulize ajuaye, hata akiwa mtoto wako.