Krimu Mbili

Kwenye duka la rangi kule Gerezani zilionekana pacha. Muuzaji akapaka kila moja kidogo kwenye kipande cha boksi, ndipo nikaona: moja ina unjano wa maandazi, nyingine ina wekundu wa chai ya maziwa. Nikanunua kopo moja moja, nikarudi kwa mama, Mtaa wa Sikukuu.

Nyumba yetu ni ya Kiswahili: vyumba sita, korido katikati, uani nyuma. Nikapaka viraka viwili kwenye ukuta wa chumba cha mbele. Saa nne asubuhi vyote viwili vilikuwa kijivu. Nikadhani nimeuziwa rangi feki.

Mama akacheka. "Rangi haina kosa, mwanangu. Hilo ghorofa la jirani ndilo limekula jua."

Kweli. Krimu haina mwanga wake, huazima. Siku hizi Kariakoo maghorofa yamebanana, na sisi tunawasha taa mchana.

Jioni kaka akapiga simu. "Mama anapaka rangi ya nini? Mnunuzi si atabomoa yote?"

Mimi sikuwa na habari ya mnunuzi yeyote. Nikamtazama mama. Alikuwa amesimama mbele ya viraka, chini ya balbu.

"Mwambie kaka yako nimechagua ya maandazi. Inapatana na taa."

Kesho yake nikaleta ndoo ya lita 20. Fundi akauliza tunataka mikono mingapi, miwili?

Mama akajibu kutoka uani: "Mitatu. Nataka idumu."