Tarumbeta za Temeke, na Mashindano Yasiyo na Mwamuzi

Ukipata nafasi ya kufika Dar es Salaam, usiishie kwenye majumba marefu ya mjini na bandari. Panda daladala la barabara ya Kilwa, ushuke upande wa Temeke au Tandika, siku ya Jumamosi baada ya saa nane mchana. Huna haja ya kuuliza njia. Simama mahali penye kivuli, nawe utasikia mwenyewe: kwanza ngoma kubwa, ambayo huanza kugonga kifuani kabla ya kufika masikioni, kisha tarumbeta mbili tatu zikipokezana, kisha vigelegele. Huo ni msafara wa harusi. Bwana na bibi arusi wamo katika gari lililofungwa riboni, na karibu yao kuna kirikuu, yaani kale kagari kadogo ka mizigo, kamebeba vijana saba au wanane wenye sare, wamesimama wamebanana, na mmoja wao amekalia ukingo huku amekumbatia ngoma yake kama mtoto.

Basi subiri msafara wa pili. Jumamosi hiyo haitakosa harusi nyingine, na barabara ni zilezile. Misafara miwili ikikutana kwenye taa za barabarani, ndipo utakapoona jambo la kuandika barua nyumbani. Hakuna anayesema neno la kushindana. Lakini mpiga tarumbeta wa huku anapandisha sauti, na wa kule anaijibu kwa wimbo mwingine ulio juu zaidi. Wapiga ngoma wanatazamana. Mashangazi wanashuka garini na kucheza katikati ya lami, na makondakta wa daladala wanaacha kuita abiria. Taa inakuwa kijani, nyekundu, kijani tena, wala hakuna anayeondoka.

Nani ameshinda? Uliza watu kumi waliosimama hapo, na kumi wote watajibu bila kusita. Hesabu yao ina vipimo vitatu. Kwanza, watu wamekimbilia upande gani. Pili, noti: maana mpigaji mzuri hutunzwa, na pesa zinabandikwa katika paji la uso lenye jasho mbele ya kila mtu, kwa hiyo haziwezi kufichwa wala kuongezwa. Tatu, pumzi. Kundi ambalo tarumbeta zake zilinyamaza kwanza limeshindwa, hata kama lilipiga vizuri zaidi. Hiki cha tatu mimi sikipendi, kwa sababu kinampa ushindi mwenye kifua kipana na kumnyima mwenye sikio. Lakini ndivyo watu wa Temeke wanavyohukumu.

Usidhani kwamba haya yameanza juzi. Yana miaka zaidi ya mia katika pwani yetu, na jina lake la zamani ni beni. Sultani wa Unguja alikuwa na beni yake ya Wagoa, na meli za kivita na majeshi ya Wazungu yalikuwa na zao. Vijana wa Mombasa na Lamu wakatazama, wakasikiliza, na mwishoni mwa karne ya 19 wakaanzisha za kwao, wakagawanyika pande mbili, Kingi na Skochi. Kufika kusini, katika nchi iliyokuwa ya Wajerumani, pande hizo zikawa Marini na Arinoti. Marini walikuwa zaidi watu wa maofisini na wenye nguo safi. Arinoti walikuwa zaidi wachukuzi na vibarua. Vita vya 1914 hadi 1918 vikazisambaza pande hizo mbali sana, maana askari na wapagazi walikwenda nazo kila walikopelekwa.

Kila upande ulikuwa na mfalme wake, majemadari, makapteni, hata madaktari, na wanawake nao walikuwa na vyeo vyao. Walikwenda kwa gwaride, wamevaa sare. Mtu anaweza kucheka. Lakini fikiri, msomaji: kijana wa Marini akiondoka Dar es Salaam kwenda kutafuta kazi Tabora, mahali asipojua mtu, alipokewa na Marini wa Tabora, akalishwa, na kama akifa, akazikwa kwa heshima. Waingereza walipoichukua nchi walitia shaka sana, wakaichunguza beni wakidhani ni chama cha siri. Wamisioni wengi nao waliikataza kwa Wakristo wao, kwa sababu ya pombe, matusi ya nyimbo na gharama. Kuhusu gharama hawakukosea. Mashindano ya beni yalikuwa pia mashindano ya karamu, na zipo familia zilizokopa ili upande wao usiaibike. Hata hivyo waliokataza beni hawakuona, nadhani, wale waliozikwa kwa heshima.

Kuanzia miaka ya 1930 vijana wa mjini waliihama beni, wakaingia katika dansi na magitaa. Tabia ya kushindana haikuhama. Mlimani Park, iliyoanza mwaka 1978, wapenzi wake waliiita Sikinde. Bendi iliyozaliwa kama NUTA Jazz mwaka 1964 ikaja kuitwa Msondo. Majina yote mawili yametoka katika ngoma za Uzaramo, na ushindani wa bendi hizo umewapa wazee wa Magomeni na Kinondoni mabishano ya kutosha maisha yao yote.

Tarumbeta nazo hazikufa. Makanisa ya Kilutheri yamezitunza tangu siku za wamisioni wa Kijerumani. Polisi na jeshi wana beni zao, ambazo wakazi wa Temeke huzisikia kila sherehe za taifa zinapofanyika katika Uwanja wa Uhuru, palepale ambapo bendera ya Tanganyika ilipandishwa usiku wa kuamkia 9 Desemba 1961. Na kila Simba na Yanga wanapokutana katika uwanja wa jirani, ule uliofunguliwa mwaka 2007, matarumbeta ya washabiki huanza kushindana asubuhi, saa nyingi kabla ya mpira.

Huko Marekani mashindano ya namna hii yamewekewa sheria kali. Vikosi vya vijana wasiozidi miaka 22, wenye ala za shaba na ngoma, husafiri majira yote ya kiangazi wakishindania ubingwa ulioanza mwaka 1972. Waamuzi hutoa alama katika mia: 40 kwa jinsi onyesho zima linavyomgusa mtazamaji, 30 kwa mwendo na mpangilio wa uwanjani, 30 kwa muziki wenyewe. Alama zikitoka kila wiki, washabiki hukaa na karatasi wakitabiri bingwa wa Agosti. Ni jambo zuri, hasa kwamba mpigaji hufahamu alipokosea. Kwetu mpigaji hafahamu. Anaona tu kwamba juma lijalo hakuitwa.

Kwa maana hiyo utabiri wetu si wa bingwa, ni wa njaa. Vijana wa kirikuu hula kwa harusi, na harusi zina majira. Wakati wa Kwaresima Wakristo wengi hawafanyi sherehe za harusi, na Waislamu nao huziacha katika Ramadhani. Mwaka 2025 Ramadhani ilianza mwanzoni mwa Machi, na Jumatano ya Majivu ikawa tarehe 5 ya mwezi huohuo. Kwa wapigaji hiyo ilikuwa kimya kimoja kirefu, kisha Idi ikafungua mlango, na Pasaka ikafuata wiki kama tatu baadaye, hata makundi hayatoshi. Lakini Ramadhani hurudi nyuma kwa siku kama kumi na moja kila mwaka. Kufika 2030 itaangukia mara mbili ndani ya mwaka mmoja, mwanzoni mwa Januari na tena mwishoni mwa Desemba, nayo Desemba ndiyo shibe ya wapigaji. Mwenye kundi na akiba yake naye aanze kuhesabu sasa, maana washindani wake wa kweli si kundi la mtaa wa pili tena. Ni yale maspika makubwa ya kukodi, ambayo hayachoki pumzi.

Nikuonye jambo moja kabla hujaondoka. Utakutana pia na mdundiko, ngoma ya Wazaramo inayochezwa kwa kutembea, mwali anapotolewa au kwenye harusi. Mdundiko hauna kirikuu, una miguu. Hupita vichochoro vya Tandika au Mwananyamala, na kila nyumba huuongezea watu, hasa watoto. Mtoto hufuata ngoma, ngoma hufuata njia, na ngoma ikikoma jioni mtoto yuko mtaa asioujua na jua limezama. Ni kisa cha kale cha mji huu, na mama wengi wa Dar es Salaam wamewahi kuzunguka usiku wakiita jina. Kwa hiyo ukienda na wanao, waambie jina la mtaa mliofikia na jina la mwenyeji wenu, wayakariri hadi wayaseme bila kusita. Kisha mshike mkono yule mdogo, na msogee karibu ili aione ngoma.