Nyumba ya Sisimizi



Kitabu cha Mithali kinamtuma mvivu akamtazame sisimizi, lakini hakimwelezi amtazame kwa njia gani. Kiumbe huyu hukaa chini ya ardhi, gizani, na mtu anayefukua shimo lake ili aone ya ndani huwa amekwisha kuyabomoa. Kwa sababu hiyo watu walibuni viota vya nyumbani. Mwingereza John Lubbock aliwafuga sisimizi katika udongo mwembamba uliobanwa kati ya vioo viwili. Aliandika kitabu juu yao mwaka 1882, na malkia mmoja aliishi kwake karibu miaka 15. Baadaye Mfaransa Charles Janet alichonga vyumba katika plasta, akatia maji upande mmoja tu.

Katika kikundi chetu hapa Bukavu tumefuata njia ya Janet kwa vitu vinavyopatikana mtaani. Tunafinyanga udongo kwa umbo la vyumba na njia, tunauweka juu ya kipande cha kioo cha dirisha kilichobaki kwa fundi, tunazungushia ukuta wa mbao na kumwaga plasta. Ikikauka tunaondoa udongo, na vyumba vinabaki wazi chini ya kioo. Chumba kiwe cha chini, kimo chake kizidi kidogo tu kimo cha mwenye nyumba. Mafundi wapya hupenda kumbi pana, kwa kuwa macho yetu yanazipenda. Sisimizi huzikimbia, au huzijaza takataka. Mimi kiota kizuri sana kwa macho hunitia mashaka.

Jambo kubwa zaidi ni unyevu. Mwisho mmoja wa plasta huwekwa kisima kidogo cha maji, na mwisho wa pili huachwa mkavu. Hapo ndipo mvivu wa Mithali angejifunza jambo: wenyewe huchagua. Mayai na mabuu hubebwa upande wa unyevu; mbegu hupelekwa pakavu, maana zikilowa zitaota. Joto la mchana likikausha plasta, wanahamisha watoto wote kwa muda mfupi. Anayejenga hana haja ya kuwapangia vyumba. Anapaswa kuwapa nafasi ya kuchagua.

Lakini kundi halianzi na plasta. Linaanza na malkia mmoja aliyekwisha kuruka na kupandwa, akashuka chini na kuangusha mabawa. (Msimchanganye na kumbikumbi, huyo ni wa ukoo wa mchwa, na njia yake kwetu ni sufuria.) Malkia huyo huwekwa katika mrija wa kioo: maji nyuma, pamba iyazuie, kisha yeye, kisha pamba nyingine mdomoni. Mrija hufunikwa usiingie mwanga. Katika aina nyingi hali chochote kwa majuma kadhaa. Misuli ya mabawa asiyoyahitaji tena ndiyo inayowalisha watoto wake wa kwanza.

Mrija huohuo wenye pamba ulifika mahakamani. Mwezi wa Aprili 2025, huko Naivasha nchini Kenya, vijana wawili wa Ubelgiji wenye umri wa miaka 19 walikamatwa wakiwa na sisimizi wapatao 5,000, wengi wao malkia, katika mirija 2,244. Kati yao walikuwamo wavunaji wakubwa waitwao kitaalamu Messor cephalotes, ndugu wa wale wanaoweka akiba ya nafaka katika nchi ya Biblia. Katika kesi nyingine walishtakiwa Mvietinamu mmoja na Mkenya mmoja. Tarehe 7 Mei, mahakama ya Nairobi iliwatoza wote wanne faini ya shilingi milioni moja kila mmoja, au kifungo cha miezi 12.

Niliposimulia habari hii kikundini, kijana mmoja aliuliza: “Mwalimu, malkia mmoja ni bei gani huko Ulaya?” Nilimjibu kama magazeti yalivyosema, kwamba anaweza kufika dola 220. Akanyamaza akipiga hesabu. Ana diploma ya Serikali na hana kazi. Swali lake halikuwa la uroho. Nikamwambia kwamba hiyo ni bei ya muuzaji wa mwisho, siyo ya anayeinama kuokota, na kwamba Mkenya yule alipewa faini ileile waliyopewa wageni. Nikaongeza kwamba malkia aliyeondolewa ni kundi zima lisiloanza, na kwamba wavunaji hao hutawanya mbegu na kuupa udongo hewa.

“Kwa hiyo, Mwalimu, wao wafuge kwa kujifurahisha, sisi tuangalie tu?”

Nadhani ana haki ya kuuliza. Nilimjibu kwa kanuni ya kikundi chetu: tunachukua malkia mmoja tu, aliyeanguka kwenye maji chini ya taa na ambaye angekufa usiku ule, hatuuzi, wala hatumpeleki mbali na alipookotwa. Ni jibu dogo kwa mtu anayetafuta karo ya mdogo wake, na uso wake ulinionyesha hivyo.

Jumamosi iliyopita alikuja na kipande cha plastiki nyekundu kutoka taa ya nyuma ya gari bovu. Alikuwa amesoma kwamba sisimizi hawaoni vizuri wekundu, akataka tufunike kioo nacho ili tuwatazame bila kuwatoa gizani. Kinatosha vyumba vitatu.