Lango la Lodoare na Lango la Forodha

Ndugu msomaji, ukitoka Arusha asubuhi kuelekea magharibi, basi litakufikisha Makuyuni, mahali ambapo barabara ya Dodoma huachana na ile ya Ngorongoro. Ukishika ya kulia utapita Mto wa Mbu, penye ndizi nyekundu zinazouzwa kandokando ya njia, kisha gari litaanza kuukwea ukuta wa Bonde la Ufa kwa kupindapinda. Ukifika juu, geuka utazame ulikotoka. Ziwa Manyara utaliona limelala chini likimeremeta kama bati jipya. Baada ya hapo ni Rhotia na mashamba yake, na baada ya Rhotia utaingia Karatu.

Karatu ni mji wa udongo mwekundu. Wakati wa kiangazi vumbi lake huingia viatuni, nguoni na hata katika chai. Wenyeji wake wengi ni Wairaqw, wakulima hodari wa ngano, mahindi na maharage, na kutoka bonde la Ziwa Eyasi huletwa vitunguu vya Mang'ola vinavyouzwa hadi mbali. Lakini mji huu una mkate wake wa pili, nao ni wageni. Magari ya watalii hupita hapa alfajiri na kurudi jioni, na familia nyingi hula kwa kazi ya kuendesha magari hayo, kuyatengeneza, kupika hotelini au kufua mashuka ya wageni.

Nilikwenda huko kumtembelea kijana mmoja ambaye kazi yake ni kuongoza watalii. Siku ya pili alinichukua pamoja na wageni wake kwenda Ngorongoro. Mwendo si mrefu. Lami inakoma kwenye lango la Lodoare, na hapo ndipo niliposikia maneno ambayo yamenifanya nikuandikie makala haya.

Wageni walikuwa mume na mke, watu wazima. Yule bwana aliuliza kwa mshangao kwa nini kuna malipo mengine ilhali safari yote ilikwisha lipiwa. Kijana hakukasirika. Alimweleza polepole kwamba kuna ada ya kila mtu anayeingia, kuna ada ya gari, na kwa gari linaloteremka bondeni kuna ada ya huduma ya kreta. Juu ya hayo kuna Kodi ya Ongezeko la Thamani, ambayo tangu Julai 2016 hutozwa pia katika huduma za utalii. Kibali nacho kina saa zake ishirini na nne. Ukizipitisha, unalipa tena. "Kampuni yenu imekwisha kulipa yote haya," alisema, "lakini ni vizuri mjue fedha yenu ilikwenda wapi." Bwana yule akatikisa kichwa, akaridhika.

Tulipanda kupitia msitu wenye ukungu hadi ukingoni mwa kreta. Ndugu msomaji, kama hujafika pale, jiwekee nia. Sakafu ya bonde lile iko chini kiasi cha mita 600, na eneo lake ni kama kilomita za mraba 260. Nyati huonekana kama punje za mtama mweusi uliomwagika mkekani. Eneo hili lilitengwa mwaka 1959 ili wafugaji na wanyama waishi pamoja, na mwaka 1979 likaingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia. Nilisimama pale nikiwa na furaha ya Mtanzania anayejua kwamba mali hii ni yake.

Jioni tulirudi Karatu, nyumbani kwa yule kijana. Mkewe ana hoteli ndogo ya chai na chapati karibu na stendi. Juu ya rafu ya hoteli hiyo niliona redio kubwa ya muziki, yenye spika mbili, mpya kabisa. Niliisifu. Mume na mke wakatazamana, kisha mke akacheka kicheko kisicho na furaha.

"Hiyo, mzee wangu, tunaiita karo," alisema.

"Kwa nini karo?"

"Muulize baba watoto."

Kijana akainamisha uso, akanisimulia. Msimu wa wageni ulipokuwa mzuri aliweka akiba kidogo. Akaona katika simu yake redio hiyo ikiuzwa ng'ambo kwa bei ambayo kwa shilingi zetu ilikuwa 400,000. Nauli na bima vilikuwa 100,000. Madukani Arusha redio ya namna hiyo ilikuwa ghali zaidi. Akalipa laki tano, akamwambia mkewe kwamba mambo yamekwisha. Baada ya wiki kadhaa akapigiwa simu: mzigo umefika bandarini, lakini hautatoka mpaka ulipiwe ushuru na kodi. Alidhani ni matapeli. Akakaa siku kadhaa bila kujibu. Alipokwenda kuuliza akakuta deni ni la kweli, na ada ya ghala nayo imeanza kuhesabiwa. Alipojumlisha kila kitu, pamoja na malipo ya wakala, ilikuwa imepita laki tatu.

"Fedha niliyokuwa nayo," alisema, "ilikuwa karo ya Januari ya binti yetu."

Binti alichelewa shule wiki mbili, mpaka mama yake alipokopa katika kikundi cha akina mama wenzake. Mkopo huo bado wanaulipa kwa chapati.

Nikamwuliza: "Wewe ambaye leo asubuhi ulimweleza mgeni hesabu za lango la Lodoare kwa ufasaha ule, ilikuwaje usiulize hesabu za lango lako mwenyewe?"

Akajibu: "Mzee, pale Lodoare viwango vimeandikwa. Huku kwenye simu niliona bei moja tu."

Jibu hilo lina ukweli ndani yake, na wengi wetu tunaonunua vitu vya ng'ambo tunaweza kulitoa. Kwa hiyo natuitazame hesabu yenyewe, maana haina uchawi.

Forodha hailitazami bei ya kitu peke yake. Kwa mzigo wa meli hujumlisha bei, bima na nauli mpaka mzigo ulipofika nchini. Kwa redio ile, thamani hiyo ilikuwa shilingi 500,000. Halafu hutazamwa kitu chenyewe kiko katika kundi gani la ushuru. Nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki zina ushuru wa pamoja tangu Januari 2005. Kwa kawaida malighafi na mitambo haitozwi kitu, bidhaa za kati hutozwa asilimia 10, na bidhaa zilizokamilika hutozwa asilimia 25. Mwaka 2022 kundi la nne la asilimia 35 liliongezwa. Nia ya mpango huo ni kuvilinda viwanda vyetu na ajira zake, na kuipatia Serikali mapato.

Redio ile iliangukia asilimia 25, yaani shilingi 125,000. Sasa hapa ndipo wengi wanapoteleza. Kodi ya Ongezeko la Thamani, ambayo Tanzania Bara ni asilimia 18, haikokotolewi juu ya bei ya dukani, bali juu ya thamani ile pamoja na ushuru wake. Asilimia 18 ya shilingi 625,000 ni 112,500. Ushuru na kodi hiyo peke yake vinafika 237,500. Bado kuna tozo ndogondogo, kama ile ya maendeleo ya reli iliyoanzishwa mwaka 2015, na ada ya kushughulikia nyaraka. Kisha wakala wa forodha anataka ujira wake, na ghala linataka lake. Hivyo ndivyo redio ya laki nne ilivyovuka laki nane kabla haijafika Karatu.

Wapo watakaosema: "Mimi nitanunua kompyuta, nasikia haina ushuru." Ni kweli kwamba kompyuta zimewekwa katika kundi lisilotozwa ushuru wa forodha. Lakini kutotozwa ushuru si kusamehewa Kodi ya Ongezeko la Thamani. Hizo ni kodi mbili, na kila moja ina sheria yake. Na sheria hubadilika. Mwaka 2021 simu janja, vishikwambi na modemu vilisamehewa kodi hiyo, na mwaka 2022 msamaha huo ukaondolewa. Aliyenunua kwa habari za mwaka uliopita alishangazwa langoni.

Wengine watasema: "Basi nitapitia Nairobi, niingie Namanga, maana sisi ni Jumuiya moja." Hapana. Unafuu wa Jumuiya ni kwa bidhaa zilizotengenezwa katika nchi wanachama, zenye cheti cha kuthibitisha asili yake. Redio iliyotengenezwa Asia haigeuki kuwa ya Afrika Mashariki kwa kulala usiku mmoja Nairobi.

Na zawadi je? Ndugu yako aliye ng'ambo, au mgeni aliyependezwa na shule ya kijijini kwenu, akikutumia kifaa, hukulipa kitu, lakini kifaa kina thamani, nayo forodha huikadiria. Mwombe anayetuma akupe ankara ya kweli mapema, nawe uulize kabla hajatuma. Zawadi isiyoulizwa inaweza kulala ghalani wakati mpewaji anatafuta fedha ya kuikomboa. Wala usikubali ushauri wa kuandika bei ya uongo. Ofisa ana mamlaka ya kuikataa na kukadiria upya, na uongo ukithibitika mzigo wako unaweza kutaifishwa.

Jambo jingine ni matapeli ambao kijana wetu aliwahofia. Wapo kweli. Hupiga simu wakidai kifurushi chako kimezuiliwa, utume fedha haraka kwa namba ya mtu. Malipo halali ya Serikali hufanywa kwa kumbukumbu namba, kupitia benki au simu, na stakabadhi hutolewa. Anayekutaka utume kwa namba yake binafsi, mwache. Lakini usimpuuze kila anayepiga, kama alivyofanya kijana, maana siku zinakwenda na ghala linahesabu. Nenda ukaulize katika ofisi ya Mamlaka ya Mapato iliyo karibu nawe. Kuuliza si ujinga.

Baada ya kusema hayo, si haki kumlaumu mnunuzi peke yake. Kijana alisema kwamba Lodoare viwango vimeandikwa. Auzaye kwa mtu wa mbali angeweza kumwambia wazi kwamba bei hii haina ushuru wa nchini kwako. Kampuni isafirishayo ingeweza kumpigia kabla mzigo haujapakiwa, siyo baada ya kufika. Na wenye mamlaka wangefanya jambo jema kubandika, katika kila ofisi ya posta ya wilaya, karatasi moja ya Kiswahili chepesi yenye mfano wa hesabu kama huu. Kodi inayojulikana mapema hulipwa kwa moyo, hata kama ni nzito. Inayomvizia mtu humwacha na kinyongo, naye huanza kutafuta njia za panya.

Mpaka karatasi hiyo ibandikwe, wewe mwenyewe jiandikie. Kabla ya kubonyeza na kulipa, keti na mwenzako mezani na daftari. Andikeni bei, nauli na bima, kisha ushuru, kodi, wakala na usafiri hadi nyumbani. Mkiona jumla bado inafaa, nunueni kwa amani. Isipofaa, yule mwenye duka mjini aliyeonekana ghali huenda alikuwa amekwisha kuyapita malango hayo yote kwa niaba yenu.

Usiku ule, kabla sijalala, yule mama aliifungua redio yake. Sauti ilikuwa nzuri kweli. Wateja wawili wa chai wakaongeza kikombe. Binti alikuwa pembeni na daftari lake la hesabu.

"Mwanangu," baba yake alimwambia, "kesho nitakupa hesabu moja ya asilimia. Hiyo uikokotoe vizuri."

Mama akasema, "Majibu yake tunayo hapa rafuni."