Kitanzi na Majira

Neno kitanzi lina kazi nyingi katika Kiswahili. Ni kamba ya mtego wa ndege. Ni kile anachojitia shingoni mtu aliyekata tamaa. Ni kijiuzi kilichokunjwa na kushonewa kwenye shingo ya kanzu ili kifungo kipate pa kupita. Na tangu kliniki za uzazi wa mpango zilipoenea, ni kifaa kidogo anachowekewa mwanamke katika mji wa mimba ili asishike mimba. Wakenya hukiita koili, wengine Dar es Salaam hukiita lupu, lakini vijitabu vya afya vya Tanzania huandika kitanzi, na msomaji huachiwa mwenyewe kazi ya kuisahau ile maana ya kifo.

Mwanamke mmoja wa Tanga, aishiye Neasden, kaskazini-magharibi mwa London, hakupata kulitafakari neno hilo mpaka jioni moja ya Oktoba 2024 alipompigia simu mama yake. Alikuwa na umri wa miaka 38, mama wa binti wa miaka 11 na mvulana wa miaka 7. Kwa Kiingereza jambo lenyewe lilikuwa limemwia jepesi: muuguzi alikitaja kifaa, akampa kijitabu, wakaagana. Kwa Kiswahili ilimbidi aseme, "Mama, nataka kuweka kitanzi." Upande wa pili cherehani iliyokuwa ikinguruma ilisimama.

"Mwanangu, kuna nini huko?"

Alicheka, akaeleza, lakini mshtuko ule wa mama hakuutoa moyoni kwa urahisi.

Kilichompeleka kwa muuguzi hakikuwa hofu ya mimba peke yake. Kwa miaka miwili hedhi yake ilikuwa imezidi. Kazi yake ni kuwahudumia wazee majumbani mwao, kuwaogesha na kuwavisha, nyumba tano au sita kwa siku kwa basi, na katika siku hizo alikuwa amelazimika kujua choo cha kila nyumba na cha kila kituo. Vipimo vilionyesha kwamba damu yake imepungua. Vidonge vya kawaida vilivyochanganya homoni mbili havikumfaa, kwa sababu anaugua kipandauso kinachotanguliwa na vimulimuli machoni, na kwa mwenye hali hiyo vidonge hivyo huzidisha hatari ya kiharusi. Kitanzi cha shaba huweza kuiongeza hedhi badala ya kuipunguza. Kikabaki kile chenye homoni.

Kwa macho ni kitu cha kudharauliwa: kijiti cha plastiki chenye umbo la herufi T, urefu wa milimita 32, kilichobeba miligramu 52 za levonorgestreli. Homoni hiyo hutoka kidogo kidogo, takriban mikrogramu 20 kwa siku hapo mwanzoni. Huufanya ute wa mlango wa kizazi uwe mzito hata mbegu zishindwe kupita, na huufanya utando wa mji wa mimba uwe mwembamba, hivyo damu ya kutoka hupungua. Kiliidhinishwa kwanza Finland mwaka 1990, kikaingia Uingereza mwaka 1995. Kati ya wanawake 1,000 wanaokitumia, wapata wawili tu hushika mimba katika mwaka wa kwanza. Tangu mwaka 2007 mwongozo wa kitaifa wa Uingereza umekitanguliza katika tiba ya hedhi nzito, na mwanamke hakilipii hata senti moja.

Kwa hoja hizo uamuzi ungekuwa umekwisha. Kilichomkwaza ni hesabu. Mwanzoni mwa 2024 muda ulioidhinishwa wa kifaa hicho nchini Uingereza uliongezwa, kutoka miaka 5 hadi miaka 8. Muuguzi aliisema habari hiyo kwa furaha, kama mtu atoaye zawadi. Mwanamke aliyekaa mbele yake alijumlisha kimyakimya: 38 na 8 ni 46. Kijitabu kilisema njia hii ni ya muda, na kwamba uwezo wa kuzaa hurejea kitolewapo. Hayo ni kweli. Lakini kwa msichana wa miaka 22, kitu cha muda kinamrudisha palepale alipokiacha. Kwa mwanamke wa miaka 38, kitu cha muda kinamfikisha mahali ambapo mlango umejifunga wenyewe. Hakuna aliyemwomba aamue kwamba hatazaa tena. Aliombwa achague njia tu, na ndani ya njia hiyo uamuzi ule mwingine ukapita bila kutajwa.

Hapo ndipo alipolikumbuka neno lingine, la utotoni. Wanawake wa Tanga wa rika la mama yake walisema uzazi wa majira, na hata vidonge vyenyewe wakaviita majira. Mwaka 1993 Radio Tanzania ilianza kurusha mchezo wa Twende na Wakati, ambamo dereva wa lori aitwaye Mkwaju, mpenda wanawake, aliwafunza wasikilizaji kwa makosa yake. Watafiti waliitenga Dodoma kwa miaka miwili bila mchezo huo ili waweze kulinganisha. Mtoto wa miaka 7 aliyekaa chini ya meza ya cherehani akikusanya vitambaa vilivyokatwa hakujua habari za watafiti. Alijua tu kwamba Mkwaju akizungumza, mama huacha kushona. Katika lugha ile uzazi ulikuwa na majira kama mvua: masika hupita, vuli huja, na shamba lililopumzishwa litalimwa tena. Ndiyo faraja iliyomo katika neno majira. Lakini hata shamba lina msimu wake wa mwisho, na neno hilo halisemi mkulima atautambuaje.

Mumewe, ambaye hufanya kazi ya usiku katika ghala upande wa Park Royal, hakumzuia. Kwa mwenye kutaka hoja ya dini, alijua kwamba wanazuoni wameijadili azl tangu kale, na kwamba Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, aliihesabu kuwa inaruhusiwa. Aliuliza swali moja tu, asubuhi, akiwa bado na koti la kazini: "Na tukimtaka wa tatu?" Mkewe alimjibu kwamba kikitolewa, watajaribu. Mume akaitikia kwa kichwa. Wote wawili walikuwa wameshaifanya ile hesabu, na hakuna aliyeitamka.

Chini ya ghorofa yao anaishi bibi wa Kigujarati, mzaliwa wa Kisumu aliyeolewa Jinja, akafukuzwa Uganda mwaka 1972 pamoja na maelfu ya Waasia wengine waliopewa siku 90 na Idi Amin. Neasden imejaa historia hiyo. Hekalu kubwa la Swaminarayan, lililojengwa kwa mawe ya Bulgaria na marumaru ya Italia yaliyochongwa India, likafunguliwa Agosti 1995, lina waumini wengi ambao familia zao zilipitia Mombasa, Nairobi, Kampala au Dar es Salaam kabla ya kuona theluji. Bibi huyu huzungumza Kiswahili cha sokoni Kisumu, kilichohifadhika kwa nusu karne kama nguo za sandukuni. Jirani yake wa Tanga humwita Ba, kama wamwitavyo wajukuu zake.

Ba aliposikia habari ya kitanzi aliweka chini kikombe cha chai. Alijifungua mtoto wake wa pili katika hospitali moja ya London mwaka 1976. Siku mbili baada ya kujifungua, muuguzi alimdunga sindano. Hakumwambia ya nini, naye hakuuliza, kwa kuwa alidhani ni dawa ya nguvu. Kwa miezi hedhi haikuonekana, kisha ikaja damu isiyokoma. Miaka mingi baadaye ndipo binti yake, aliyekuwa akisoma chuoni, alipomwonyesha makala yenye jina la sindano hiyo: Depo-Provera.

Hakuwa peke yake. Katika miaka ya 1970 sindano hiyo ilikuwa na idhini ya matumizi ya muda mfupi tu nchini Uingereza, na wanawake weusi na wa Kiasia walidungwa, wengi mara tu baada ya kujifungua, bila maelezo ya kutosha. Shirika la OWAAD, la wanawake wenye asili ya Asia na Afrika, lililoundwa mwaka 1978, lilipiga kampeni dhidi ya matumizi hayo. Kitanzi chenyewe nacho kina aibu yake. Kuanzia mwaka 1966 madaktari wa Denmark waliwawekea vitanzi maelfu ya wanawake na wasichana wa Greenland, wengi bila ridhaa yao, na serikali ya Denmark haikuomba radhi mpaka mwaka 2025.

"Sasa wewe umeulizwa?" Ba alimhoji.

"Nimeulizwa, Ba. Kina nyuzi mbili chini. Siku nikitaka kitoke, nitakwenda, watavuta."

Ba alifikiri kidogo. "Mimi hawakunipa uzi."

Katika majibu yote aliyopewa msimu ule, hilo ndilo lililomtuliza. Sindano ikishaingia hairudi. Mwenye mwili husubiri mpaka nguvu yake iishe. Kitanzi kinaweza kukaa miaka 8, lakini kinaweza kutolewa kesho pia, na si lazima mwenye nacho aeleze sababu. Hesabu ya umri ilibaki vilevile. Hata hivyo aliona tofauti kati ya mlango unaofungwa na mtu mwingine na ule unaofungwa na wakati huku yeye mwenyewe akiutazama.

Novemba alipanda basi namba 297 kwenda kliniki upande wa Willesden. Mwaka 2021 mtangazaji Naga Munchetty alikuwa amesimulia redioni jinsi alivyoumia alipowekewa kifaa hicho, na wanawake wengi wakajitokeza kusimulia yao. Kwa sababu hiyo yeye aliomba ganzi mapema, akapewa. Aliumia hata hivyo, maumivu mafupi ya kukata, yaliyompandisha jasho na kumkumbusha mwanzo wa uchungu. Daktari alimweleza kila hatua kabla ya kuifanya, na kwamba kifaa hutoka chenyewe kwa takriban mwanamke mmoja kati ya 20, na mara chache sana hutoboa ukuta wa mji wa mimba. Kazi yenyewe haikuzidi dakika chache. Alipewa kadi ndogo yenye tarehe mbili: ya kuwekwa, na ya mwaka 2032.

Miezi ya kwanza ilileta shida ambayo kijitabu kiliitaja kwa mstari mmoja: matone ya damu yasiyo na mpango. Kwa mwanamke anayesali, matone si jambo dogo. Kwa mujibu wa fiqhi ya Shafi, inayofuatwa na wengi wa pwani, hedhi fupi kabisa ni mchana na usiku wake, ndefu kabisa ni siku 15, na tohara kati ya hedhi mbili haipungui siku 15. Damu iliyo nje ya mipaka hiyo ni istihadha, na mwenye istihadha husali na hufunga. Ramadhani ilipoingia Machi 2025 alikuwa na daftari dogo jikoni, akiandika saa damu ilipoanza na saa ilipokatika. Mwalimu wa kike wa madrasa ya watoto alilitazama daftari hilo, akamsaidia kuhesabu, akamkumbusha kwamba masahaba wa kike walimuuliza Mtume maswali hayahaya waziwazi, na hawakukemewa. Mwanamke aliyeona haya kumwambia daktari juu ya sala, na haya kumwambia mwalimu juu ya kitanzi, alikuta kwamba daftari lile linasomeka pande zote mbili.

Kufikia Juni damu ilikuwa karibu kutoweka. Nguvu zilimrudia. Alipanda ngazi za wazee wake bila kusimama katikati.

Mama wa Tanga, ambaye alikuwa amemkumbusha mara mbili kwamba kulea mimba si kazi, kazi ni kulea mwana, alirudi siku moja kwenye neno lililomshtua. Alikuwa akishona kanzu za harusi.

"Nimelifikiria lile jina lenu," alisema. "Na hiki ninachoshona hapa shingoni ni kitanzi pia. Kikibana sana, mtu haivui kanzu. Chako kinafunguka?"

"Kinafunguka, mama."

"Haya. Basi tuite hivyohivyo."

Nyuma ya mlango wa chumba cha watoto pale Neasden palikuwa na kitanda cha mtoto mchanga, kilichokunjwa na kufungwa kwa kanga tangu mvulana alipokiacha. Mjukuu wa Ba alipokaribia kujifungua, mumewe alikiteremsha, akakifuta vumbi, akakaza misumari iliyolegea. Mkewe alisimama ngazini akimwangalia akikipeleka chini. Ba alipofungua mlango na kushukuru, akisema ni zawadi kubwa, mwanamke alijibu kwa upole kwamba si zawadi. Ni cha kuazima tu. Mtoto akikua, wakirudishe.

Ba alimtazama, akasema, "Sawa, mwanangu," na hakuuliza zaidi.