Maji ya Ndege Kwenye Barafu ya Minneapolis

Katika mji wa Minneapolis, Marekani, ifikapo Januari ziwa la Bde Maka Ska huganda hata watu wakatembea juu yake. Nilipofika kwa binti yangu, nilimkuta mjukuu wangu, kila baada ya Swala ya Alfajiri, akichukua birika la maji moto na kuwamiminia ndege katika beseni la uani. Kabla jua halijapanda, maji yalikuwa yamekwisha kuwa jiwe.

“Bibi,” akaniuliza, “na ujira wetu umeganda?”

Nikamkumbusha habari ya mtu aliyemnywesha mbwa mwenye kiu kwa kiatu chake, Mwenyezi Mungu akamsamehe. Kisha tukaenda dukani.

Yapo mabeseni yenye kipasha joto ndani yake. Tulichagua lenye kidhibiti kinachowasha umeme pale tu maji yanapokaribia kuganda, tusije tukafanya israfu. Lifaalo lina kina kisichozidi sentimita 5, na uso wenye kukwaruza ili ndege asiteleze. Waya uwe wa kutumika nje, na soketi iwe na kinga ya kukata umeme panapotokea hitilafu. Wala maji yasitiwe dawa ya kuzuia kuganda, kwani humdhuru ndege.

Siku ya tatu akaja chickadee, ndege mdogo mwenye utosi mweusi. Akanywa, akainua kichwa. Mjukuu wangu akanishika mkono, asiseme neno.

Enyi wazazi mlio ughaibuni, huruma hufundishwa kwa kazi ndogo kama hii.