Usukani wa Watu Wawili

Neno usukani lilianza safari yake baharini. Asili yake ni Kiarabu, sukkan, yaani ule ubao wa nyuma ya chombo ambao nahodha huugeuza ili jahazi lifuate njia. Baadaye neno likapanda garini, likaingia katika siasa, ambako kila apataye cheo husemekana kuwa ameshika usukani, na hatimaye likatua juu ya baiskeli. Katika mitaa ya Mashariki mwa Nairobi, kuanzia Kaloleni na Makadara hadi Umoja, Kariobangi na Kayole, neno hili halina haja ya tamathali. Ni bomba la chuma au la alumini lenye urefu wa kupimika, na urefu huo waweza kumrudisha mtu kwake akiwa mzima au ukamwangusha mtaroni.

Kizazi kilichokaa Kaloleni na Makongeni, kikifanya kazi relini na viwandani, hakikulazimika kujiuliza swali la upana. Baiskeli ya kizazi hicho ilikuwa Black Mamba: fremu nzito nyeusi, magurudumu ya inchi 28, breki za fito za chuma badala ya nyaya, na usukani uliopindwa kurudi nyuma, ukielekea tumboni mwa mwendeshaji. Aliyeinunua aliupokea usukani kama alivyoipokea rangi. Haukukatwa wala kubadilishwa. Mwili ndio uliojifunza kuufuata. Mzee aliyekwenda kazini asubuhi kwa barabara ambayo sasa yaitwa Jogoo aliketi wima kama mtu aliye kitini pake, na magari yalikuwa machache kiasi cha kumstahi.

Mambo yalibadilika zilipoingia baiskeli za milimani. Hizi zilizaliwa California, Marekani, katika miaka ya 1970, mikononi mwa vijana waliopenda kuteremka vilima vya udongo, na historia ya usukani wake ni ya kuchekesha kidogo. Mwanzoni ulikuwa mpana, mithili ya ule wa pikipiki. Kufikia miaka ya 1990 mtindo ulikuwa umeupunguza hadi milimita 560 au 580, ukiwa na shingo ndefu iliyomlaza mwendeshaji mbele. Kisha upepo ukageuka: shingo zikafupishwa hadi milimita 50 au chini ya hapo, na usukani ukarefushwa hadi 740, 760, hata 800. Kwenye mbio za barabarani mkondo ulikuwa kinyume kabisa. Waendeshaji waliufinya usukani wao ili wapasue upepo, hata ikabidi shirikisho la kimataifa la mchezo huo litunge sheria kwamba kuanzia Januari 2026 usukani wa mashindano ya barabarani usipungue milimita 400. Msomaji ataona kwamba hapana kipimo kilichoteremka kutoka mbinguni.

Baiskeli hizi hufika Nairobi kupitia Mombasa kama mitumba, zikiwa zimechanganyika enzi zote. Katika mstari mmoja, kando ya barabara, mnunuzi huzikuta ile ya mwaka 1994 yenye usukani mfupi na ile ya majuzi ambayo usukani wake ni kama nira ya ng'ombe wawili. Bei hufuata rangi, gia na hali ya matairi. Upana hauulizwi, jambo la kusikitisha, maana gia mbovu hurekebishwa kwa spana ilhali usukani usiomfaa mtu humtesa kimyakimya kwa miaka.

Ndivyo ilivyokuwa kwa nyumba moja ya Umoja. Mama alipopata zamu yake katika chama cha akina mama alinunua baiskeli ya milimani, nyekundu, yenye usukani wa milimita 760. Haikuwa ya michezo. Kifungua mimba wake, kijana wa mabega mapana, angeitumia alfajiri kusambaza mayai katika vibanda kutoka Kayole hadi soko la Mutindwa, trei zikiwa zimefungwa nyuma kwa mipira. Ikifika saa mbili angeirudisha, na dada yake mwembamba angeipanda kwenda chuoni mjini kwa Barabara ya Jogoo, ili nauli ya matatu, ambayo mvua ikinyesha haisemeki, ibaki nyumbani. Kiti kingepandishwa kwa kaka na kuteremshwa kwa dada. Kazi ya sekunde tano. Usukani hauna sekunde tano. Upana wake ni mmoja kwa wote wanaoushika.

Kaka aliupenda. Kwa hakika alikuwa na sababu, maana usukani ni wenzo. Kadiri mkono unavyokaa mbali na shingo ndivyo nguvu ndogo inavyotosha kugeuza gurudumu, na ndivyo shimo la ghafla linavyoshindwa kuupokonya usukani mkononi. Mwenye trei sita za mayai nyuma, ambazo huifanya sehemu ya mbele iwe nyepesi na yenye kuyumba, huuhitaji utulivu huo. Fauka ya hayo, usukani mpana hufungua kifua, na mpanda mlima hupumua vyema. Ndiyo maana vijana waliofunzwa na David Kinjah kule Kikuyu, akiwemo Chris Froome aliyezaliwa Nairobi mwaka 1985 na kushinda Tour de France mwaka 2013, 2015, 2016 na 2017, walianza kuujua mchezo huu katika njia za udongo na mawe kabla ya lami ya Ulaya kuwaita.

Lakini dada hakuwa akishindana na mawe. Alikuwa akishindana na matatu. Kila upande wa baiskeli ulimzidi kwa kiganja kizima, mikono yake ikawa imetanuliwa kama ya mtu aliyebeba meza. Mwili ulivutwa mbele, shingo ikauma, na kidole chake kidogo pamoja na kile cha pete vikawa vinakufa ganzi kabla hajafika Makadara. Ganzi hiyo si ya kupuuzwa. Hutokana na kubanwa kwa neva ipitayo pembeni mwa kiganja, na mkono uliokufa ganzi huchelewa kufunga breki. Siku moja ncha ya usukani iligusa kioo cha pembeni cha matatu iliyojibanza ghafla kituoni. Hakuanguka. Kioo kilikunjika tu, utingo akatukana, na safari ikaendelea. Jioni ile msichana alitamka nyumbani kwamba atarudia kupanda matatu.

Hapo ndipo hesabu ya mama ilipoingia hatarini. Bila nauli iliyookolewa, baiskeli isingelipa deni lililobaki kwenye chama. Bila mayai, isingelipa karo. Wahenga walinena kwamba kila mwamba ngozi huvutia kwake. Kaka alisema usukani ukikatwa atavunja mayai. Dada alisema usipokatwa atavunjika yeye. Mama, ambaye katika maisha yake hajawahi kupanda baiskeli, aliwatuma wote wawili kwa fundi wa Kariobangi.

Fundi huyo alikuwa mtu wa maneno machache. Aliwaamuru wapige pushapu pale pale kwenye turubai lake, mbele ya wateja, kisha akapima kwa utepe umbali kati ya kingo za nje za viganja vyao. Mwili unapojisukuma kutoka ardhini huchagua wenyewe mahali pa kuweka mikono, na kipimo hicho ni mwanzo mzuri kuliko kubahatisha. Kaka alitoka na 740. Dada alitoka na 660.

"Gawa katikati," kaka akasema, "ni 700."

"Kijana, mwili si urithi wa kugawanywa," fundi akamjibu.

Hakuugusa msumeno. Alilegeza vishikio na mikono ya breki, akavisogeza ndani milimita 40 kila upande, ikawa 680, huku ncha za bomba zikibaki wazi kama pembe. Akawaambia waende wiki moja. Busara ya hatua hii ni bayana: bomba lililokatwa halirefuki tena, na maji yakimwagika hayazoleki. Wengi hukata kwa pupa siku ya kwanza, wakajikuta wamenunua usukani mpya siku ya kumi. Isitoshe, kabla ya kukata lazima ithibitike kwamba vishikio, breki na vibonyezo vya gia vitapata nafasi kwenye sehemu iliyonyooka, kwani bomba hunenepa kuelekea katikati na hapo havitaingia.

Wiki ilipokwisha dada alikuwa hana ganzi. Kaka alikuwa na malalamiko, tena ya haki: penye mashimo baiskeli ilimkatikia upesi mno, kama mbuzi aliyeshtuka, na mayai manne yalikuwa yameliwa na lami. Fundi aliwasogezea vishikio hadi 700, kipimo kile kile cha kaka, lakini hakuishia hapo. Aliitoa shingo ya milimita 90 akaweka kuukuu ya 70, ili dada asinyooshe mikono kupita kiasi. Akauzungusha usukani kidogo ili mpindo wake wa kurudi nyuma ufuate vifundo vya mikono. Mikono ya breki akaisogeza ndani, kidole kimoja kikatosha kuivuta. Hatimaye akamgeukia kaka: trei sita nyuma ni nyingi, nne zikae nyuma, mbili zipande kikapuni mbele. Tatizo lililodhaniwa kuwa la usukani, nusu yake lilikuwa la mzigo.

Wiki ya pili ilipita bila yai kuvunjika. Ndipo msumeno wa chuma ukatoka. Alama ziliwekwa kwa utepe, milimita 30 kila upande. Alipima mara tatu, ya tatu akampa dada ashike utepe mwenyewe. Baada ya kukata akazisugua ncha kwa tupa na kuziziba kwa vifuniko vya plastiki, maana bomba lililo wazi hukata nyama kama kisu mtu anapoangukia. Vipande viwili vya alumini vilibaki turubaini. Kaka alivitazama kwa muda, kisha akavitia mfukoni.

Yamkini kuna atakayeuliza kama 700 ni jibu sahihi. Kwa Msitu wa Karura au Vilima vya Ngong ni chembamba kidogo kwa mtu wa mabega yale. Kwa msichana akipanda peke yake kimezidi. Kwa nyumba ile, yenye mlango ule wa ngazi za ghorofa ya tatu na deni lile la chama, ndicho kilichopatikana.

Pale Mutindwa, kati ya kibanda cha nyanya na cha viatu, kaka alizoea kushuka na kuigeuza baiskeli upande. Siku hizi hupita akiwa juu, upana wa kidole ukibaki kila upande, na muuza nyanya huvuta kreti yake ndani amwonapo. Dada naye hufika Makadara vidole vikiwa hai. Akifika kwenye mzunguko wa City Stadium, ambapo magari hujimwaga kutoka kila pande, bado hushuka na kuisukuma kando ya mtaro mpaka avuke.